Gusa Kuku, Mwache Paka

12 Januari

Babu yangu mpendwa, Fundi Herufi,

Shikamoo. Bibi nampigia magoti, mwambie hivyo hivyo nilivyoandika, usipunguze.

Mimi ni mzima. Chumba changu kipya kiko ghorofa ya tatu, juu ya karakana ya fundi viatu, na kila asubuhi naamshwa na nyundo yake kabla saa yangu haijalia. Simlalamikii, maana tangu nihamie hapa sijachelewa kazini. Dada amejifungua salama, mtoto wa kike, na kila anayemtazama anasema amekufuata wewe kwa upara.

Najua Bibi atauliza kwa nini sipigi simu nikamaliza. Mwambie ni wewe uliyenifundisha kwamba simu ni ya shida na barua ni ya watu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Ndani ya kifurushi hiki kuna kishikwambi, ile kompyuta bapa ya kugusa kwa kidole. Usicheke jina, sikulitunga mimi. Ofisi yetu hapa hospitalini inafanya utafiti. Tunataka kujua kama michezo midogo ya kompyuta inaweza kutuonyesha akili ya mtu inavyofanya kazi: anavyokumbuka, anavyoamua kwa haraka, anavyojizuia asikurupuke. Kwa kawaida mtu mzima anakalishwa mbele ya daktari, anaulizwa leo ni siku gani, ataje majina ya wanyama, jasho linamtoka, na akishindwa huenda ni kwamba usiku hakulala tu. Mchezo mtu anaucheza nyumbani kwake, kila siku, amevaa kandambili, hana wa kumwogopa.

Iko mitatu. Wa kwanza ni nyumba yenye madirisha mengi. Akichungulia kuku, mguse upesi kabla hajajificha. Akichungulia paka, mwache. Wa pili ni kadi zilizofunikwa, unatafuta mapacha. Wa tatu ni namba zilizotawanyika, unaziunganisha kwa mpangilio wake.

Sio mtihani, Babu. Matokeo yanakuja yenyewe kwa mtandao yakiwa na namba tu, hayana jina, na mimi siruhusiwi kuyatazama ya ndugu yangu. Nimekuchagua kwa sababu tunatafuta wazee ambao bado wanafanya kazi. Kuna sababu nyingine, lakini hiyo siitaji.

Mjukuu wako,
Mdadisi


2 Februari

Mdadisi, mke mwenza wa bibi yako,

Marahaba, na marahaba tena. Bibi yako ameyapokea magoti yako na anasema unyanyuke, sakafu ina vumbi. Goti lake mwenyewe linamsumbua asubuhi, mchana linasahau. Mwambie dada yako upara ni urithi mzuri tu, wengine wanarithi kesi.

Kifurushi kilifika kikiwa kizima. Hilo jina, kishikwambi, nilidhani ni ugonjwa wa kuku, na nilipowasha nikakuta kweli kuna kuku ndani. Siku ya kwanza niliwagusa paka wote. Bibi yako akasema ni mazoea, maana nimefukuza paka wa jirani miaka yote. Siku ya pili nikawaacha paka, na kuku nikawaacha pia, kwa woga. Siku hizi tumeelewana. Asubuhi nikishakunywa chai nakaa kwenye kiti changu karakanani, katikati ya makopo ya rangi, na kuku hachungulii akapona.

Zile kadi ndizo zinanitesa. Bibi yako alikuwa anasimama nyuma yangu ananong'ona, "Chungwa liko pembeni." Nimemfukuza. Nilimwambia utampima yeye ukidhani ni mimi, halafu mtashangaa huyu mzee akili amezipata wapi.

Kazi ipo. Duka la dawa limetaka bango jipya, herufi za kijani, nimelimaliza na limeshapanda ukutani. Nililipaka likiwa limelala chini, wenyewe wakalipandisha, kwa sababu bibi yako amenipiga marufuku ngazi. Anasema umri huu miguu ni ya kutembea, sio ya kupanda. Nimekubali kwa mdomo.

Umesema kuna sababu nyingine. Usiniache ninaning'inia.

Babu yako


25 Februari

Babu,

Shikamoo wewe na Bibi. Mwambie kwamba nimenyanyuka.

Huku tuko salama. Mvua imeharibu barabara ya kwenda kazini, tunapita kwenye mbao kama kuku wanaoingia bandani. Unaona, na mimi kuku wamenikaa kichwani.

Siruhusiwi kukuambia lolote kuhusu matokeo, kwa hiyo sikuambii. Nasema tu kwamba ofisini kuna namba moja ya mzee fulani ambayo inawashangaza watu. Kwenye madirisha anawashinda walio wadogo kwake kwa miaka mingi. Mwenzangu mmoja alisema labda huyo mzee ni fundi saa. Sikumsahihisha.

Umeniuliza ile sababu nyingine. Ni hii: kila asubuhi matokeo yanapoingia, najua kuna mtu ameshakunywa chai yake na yuko kwenye kiti chake. Basi. Sikutaka kuiandika kwa kuwa ningeonekana mtoto.

Hongera kwa bango la duka la dawa. Na ile marufuku ya ngazi, naomba uikubali hata kwa miguu.

Mdadisi wako


20 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Tuko salama. Wewe ni mtoto wa watu, huna haja ya kuogopa kuonekana mtoto.

Kinyozi wa kona amefungua chumba kipya, nimempakia bango lake. Herufi za bluu zenye kivuli cheusi, ukiziona utadhani zinataka kutoka ukutani. Watu wanasimama kuzitazama. Kwa ajili ya kazi hiyo niliruka siku chache sikucheza, msinikate mshahara.

Rangi za siku hizi zina harufu kali, zinanipa kichwa. Hakuna zaidi. Kiwiko nimekichubua kidogo kwenye mlango, kinapona. Bibi yako anakusalimu. Barua hii hajaisoma, ana shughuli zake jikoni, na sioni sababu ya kumsumbua.

Mtoto wa dada yako ameota nywele?

Babu yako


9 Aprili

Babu yangu,

Shikamoo. Mtoto nywele bado, ila amepata kidevu cha pili. Fundi viatu aliugua wiki nzima, nikachelewa kazini mara mbili. Sasa amepona na nyundo imerudi.

Naomba unijibu mambo machache, ni ya kazi tu. Miwani yako bado ni ile ile? Kioo cha kishikwambi ni safi, hakina rangi juu yake? Kifaa chenyewe hakijaanguka? Unalala vizuri? Kile kichwa kimeisha?

Nilipiga simu Jumapili, Bibi akasema umelala. Jumapili iliyotangulia pia ulikuwa umelala. Nimefurahi kwamba unapumzika.

Ukichoka kucheza, pumzika, hakuna anayekulazimisha. Lakini usiache kabisa. Nijibu upesi, tafadhali, hata kwa mistari miwili.

Mdadisi wako


9 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Bibi yako anakusalimu. Miwani ni ile ile. Kifaa hakijaanguka. Nalala vizuri, nalala sana.

Bango la duka la dawa sijalianza, nitaanza wiki ijayo, wanataka kijani. Dada yako amejifungua? Mtupe habari.

Kuku wamekuwa wepesi siku hizi. Nadhani mmewabadilisha.

Bibi yako anakusalimu. Sisi wazima.

Babu


24 Mei

Mdadisi,

Tarehe hiyo hapo juu nimemuuliza bibi yako, naye akaiuliza kalenda. Iamini.

Mkono bado unatetemeka kama wa mlevi, nisamehe. Nimerudi nyumbani. Nakula. Natembea hadi getini na kurudi, bibi yako akiwa nyuma yangu kama askari magereza. Namshukuru Mungu kwamba ulikuja, na kwamba ulirudi salama.

Nina ombi. Katikati ya kichwa changu kuna shimo, na simaanishi yale matundu ya daktari. Nakumbuka bango la kinyozi. Halafu nakumbuka dari nyeupe na wewe unamenya chungwa. Hapo katikati hakuna kitu. Bibi yako akianza kunisimulia anacheka, kisha analia, kisha anakwenda jikoni. Kinyozi akiniona anajifanya anatafuta mkasi.

Nisimulie wewe. Na usipake rangi juu ya kutu.

Babu yako


7 Juni

Babu yangu,

Shikamoo, na pole, ingawa ulisema pole zangu zinatosha kujaza gunia. Huku nimepokewa vizuri. Fundi viatu alisema jengo lilipooza bila mtu wa kushuka mbio kila asubuhi. Mtoto wa dada ameanza kucheka, upara uko pale pale.

Umesema nisipake rangi juu ya kutu. Haya.

Nilikuandikia kwamba siruhusiwi kuyatazama matokeo ya ndugu yangu. Nilikuwa nayatazama. Namba yako niliijua kwa sababu ni mimi niliyeibandika nyuma ya kishikwambi. Januari na Februari nilikuwa nafungua kompyuta asubuhi kama mtu anavyofungua dirisha amwone jirani. Machi ukanyamaza siku kadhaa, ukarudi, ukawa vile vile, nikatulia. Ni Machi inapokwisha ndipo mambo yalipogeuka. Kwanza ulianza kuwachelewa kuku. Kisha ukaanza kugusa paka. Kadi ulizokuwa unazimaliza chai ikiwa bado ya moto, ukawa unaziacha katikati. Zile namba ulifika tano, ukarudi tatu, ukabaki hapo hapo.

Nilijiambia ni miwani. Nikajiambia ni kifaa. Ndiyo maana nilikuandikia yale maswali nikayaita ya kazi. Kusema kweli niliogopa, Babu. Ofisi yetu inapima watu wanaoanza kusahau, na ile njia naijua inakoishia. Sikutaka kukuuliza jambo ambalo jibu lake nisingeweza kulirudisha kwenye bahasha.

Jibu lako nililisoma nimesimama mlangoni, begi bado liko begani. Lilikuwa na tarehe ya mwezi uliopita. Uliandika kwamba bango la duka la dawa hujalianza, wakati wewe mwenyewe ulishaniambia limepanda ukutani. Ukaniuliza kama dada amejifungua. Na mwandiko wako, Babu. Mstari ulianzia juu ya karatasi ukaishia chini, wewe ambaye ulikuwa unanitazama tu nikiandika nje ya mstari, nami nafuta mwenyewe.

Nikaichukua barua ile pamoja na mchoro wa matokeo, nikaenda kwa daktari wetu mkuu. Ni mama wa makamo, mpole, lakini kanuni zake hazichezewi. Nikamwambia namba hii ni ya babu yangu na nimekuwa nikiitazama. Alinikaripia kwanza, na ilikuwa haki yake. Kisha akavaa miwani akautazama mchoro. Sikumngoja aseme, nikasema, "Ni uzee, daktari, sivyo?"

Akasema, "Uzee huteremka taratibu, mwanangu. Huyu hakuteremka. Huyu ameanguka."

Akanionyesha kwa kalamu. Mstari wako ulikuwa umelala sawa kama meza miezi yote ile, halafu ukaporomoka wiki baada ya wiki. Akasema mchezo hauwezi kumtajia mtu ugonjwa wake, unachoweza ni kusema hapa kuna kitu kimebadilika. Lakini mabadiliko ya haraka namna ile huwa yana kilichoyaleta, na mengine yanatibika yakiwahiwa. Akaniuliza kama ulijigonga kichwa.

Nikapiga simu pale pale. Bibi akasema hapana, hujaanguka popote, unalala tu, na wewe mwenyewe ulimkataza kunitia wasiwasi. Nikamwomba afikirie tena, kitu chochote, cha mwezi wa tatu. Akarudia, "Mwezi wa tatu." Kisha akasema, "Bango la kinyozi," akakata simu.

Yaliyofuata nimeyapata kwake, vipande vipande, kati ya kicheko na kilio. Alikwenda hadi kwa kinyozi na goti lake lile. Akasimama barabarani akatazama juu. Wewe ulimwambia kwamba bango lile umelipaka nyumbani kwa kinyozi, chini, kwenye ubao. Akakuta limepakwa ukutani moja kwa moja, juu ya mlango, mahali ambapo mtu hafiki bila ngazi. Alikuwa hajapita njia ile tangu goti lizidi. Akaingia. Mteja alikuwa kwenye kiti, povu limemjaa kidevuni. Bibi hakusalimu. Akamuuliza kinyozi, "Mume wangu alianguka lini?"

Kinyozi akaweka wembe chini. Akasema ilikuwa wakati unashuka, kazi imeshaisha. Mguu uliteleza, kisogo kikagonga kizingiti. Ukakaa kidogo, ukanywa maji, ukacheka, ukamalizia kufuta brashi zako. Ukamwapisha asimwambie mtu, kwa kuwa mkeo alikukataza ngazi na hukutaka aanze kuishi kwa hofu kila unapotoka mlangoni. Naye alikuona umetembea vizuri mpaka nyumbani, akaona hakuna neno.

Mteja yule ndiye aliyekuwa na gari. Walikuja kukuchukua watatu, Bibi mbele, kinyozi nyuma, mwenye gari akiendesha huku upande mmoja wa kidevu una ndevu na mwingine hauna. Walikukuta usingizini. Ulipoamshwa ulimwita Bibi kwa jina la mama yako.

Hospitali walipiga picha ya kichwa. Tangu siku ile ya kinyozi damu ilikuwa inavuja kidogo kidogo kati ya fuvu na ubongo, ikatuama humo, ikawa inausukuma ubongo pembeni. Ndiyo maana hukuzimika siku ile. Ilikuchukua kwa zamu. Walitoboa fuvu matundu mawili, damu ikatoka, ubongo ukarudi mahali pake. Daktari aliyekupasua alisema jambo kuhusu kama mngechelewa zaidi. Hilo sitaliandika.

Mimi nilifika kwa basi ukiwa umeshatoka chumba cha upasuaji. Nilikaa kando ya kitanda nikawa namenya chungwa ambalo hakuna aliyeliomba, kwa kuwa mikono ilitaka kazi. Ukafungua macho. Ukatazama mlangoni kwa muda mrefu, hukunitazama mimi, nami nikajua basi, hanijui. Halafu ukasema, taratibu, "Nani kaandika 'WODI' pale juu ya mlango? Herufi D imelewa."

Bibi akatoka nje akalie kwa nafasi.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye lile shimo. Ya kwangu ni haya: nimeondolewa kwenye matokeo mpaka utafiti uishe. Sasa kazi yangu ni kubandika namba na kuchaji betri. Daktari mkuu alisema ananiadhibu kwa mkono mmoja na kunishika bega kwa mwingine. Sijutii, na naomba usijute kwa niaba yangu.

Kinachoniuma ni kimoja tu. Kila nikikumbuka wiki zile, nakuona umekaa kwenye kiti chako asubuhi, unakosea na kukosea, na hujui kwamba unakosea, na hakuna aliyekuwa karibu wa kukuambia inatosha.

Mdadisi wako


30 Juni

Mjukuu wangu, Mdadisi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili kwa sauti mbele ya bibi yako. Safari hii hakwenda jikoni. Alikaa mpaka mwisho, na palipofika pa nusu kidevu akanisahihisha, akasema upande wenye ndevu ulikuwa wa kulia.

Habari za hapa ni nzuri. Ngazi bibi yako amempelekea seremala, imekuwa rafu ya sufuria. Kila nikitaka kikombe nasimama mbele ya kosa langu. Kinyozi anakuja kuninyoa hapa hapa nyumbani, anazunguka yale makovu kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Bibi yako amemsamehe, ila bado anamtilia chai nusu kikombe. Mkono haujarudi wote. Mstari mrefu sasa unanishinda, kwa hiyo napaka vibao vidogo mezani, namba za nyumba na majina ya milangoni. Ukutani sitarudi, nimeshakubali, na safari hii sio kwa mdomo.

Kazi yako imenisikitisha. Nilitaka kumwandikia yule daktari mkuu barua ya kukuombea radhi. Bibi yako akasema niache, barua zangu zina historia.

Sasa jambo lenyewe, halafu nipumzishe mkono.

Nilikuandikia kwamba hapo katikati hakuna kitu. Nilipofika mwisho wa barua yako, pale uliposema sikujua kwamba nakosea, kikarudi kitu kimoja. Nakumbuka nimekaa na kile kifaa mapajani. Dirisha linafunguka, kuku anachungulia. Namwona. Najua kabisa kwamba huyu ni kuku. Nauambia mkono nenda, na mkono unabaki pale pale kama mtu aliyeitwa na anajifanya hajasikia. Ukija kuinuka, dirisha limeshafungwa.

Nilijua, mjukuu wangu. Sio kila siku, siku nyingine nilikuwa gizani kabisa. Lakini zilikuwepo asubuhi nilizojua kwamba kuna kitu kinanitoka, na kilinitisha kuliko kuanguka kwenyewe. Nikitaka kumwambia bibi yako, ulimi unasema tuko wazima. Nikishika kalamu nikuandikie, kalamu inasema tuko wazima. Sijui hata leo ilikuwa aibu au ni ile damu.

Bibi yako alinionea huruma. Akasema, "Kiache hicho kitu, kinakuumiza bure." Akakificha kabatini, chini ya mashuka. Nikakitafuta mpaka nikakipata. Akakificha tena. Alidhani ni ukaidi wa mzee aliyeshindwa na mchezo wa watoto.

Sikuwa na hamu ya kucheza. Lakini nilijua kuna mtu upande wa pili. Uliniambia mapema kwamba huruhusiwi kutazama, na mimi nimekulea, najua unavyotii ukikatazwa kutazama kitu. Basi kila asubuhi nilikaa kwenye kile kiti, nikawakosa kuku wote, nikawagusa paka wote, na sikufuta chochote.

Ile ndiyo barua yangu ya Aprili. Ya karatasi isahau. Asante kwa kunijibu.

Babu yako